Kibodi Yenye Ufizi

Kitufe cha herufi A ndicho kilichoanza kulowa.

Cherehani aligundua asubuhi, kabla hata kompyuta haijamaliza kuwaka. Aliweka kidole cha kushoto pale kinapokaa siku zote, akakiondoa haraka kama mtu aliyeshika kamasi la mwenziwe. Kitufe kilikuwa na majimaji. Hayakuwa maji ya kawaida. Yalikuwa mazito kidogo, ya uvuguvugu, na alipokitenga kidole na kitufe, uzi mwembamba ulivutika kati yao, ukaning'inia, ukakatika.

“Dada,” aliita. “Nani alikula hapa jana?”

“Nani atakula hapo na mimi nipo?” dada yake alijibu kutoka kwenye mashine ya fotokopi. “Labda umepiga chafya mwenyewe.”

Cherehani akafuta kidole kwenye sketi, akafuta kitufe kwa karatasi, akaanza kazi. Hata saa ya chai haijafika, kitufe kilikuwa kimelowa tena.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja kirefu, kimebanwa kati ya kinyozi na muuza viatu. Mbele ilikaa mashine ya fotokopi, katikati benchi la wateja, na nyuma kabisa, chini ya feni iliyozunguka kwa kulalamika, meza ya Cherehani. Mwenye duka alikuwa dada yake, mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Mkubwa, hata wazee waliomzidi umri. Mumewe alitengeneza kompyuta na waliomfahamu walimwita Fundi, basi. Cherehani alipata jina lake kwa sababu ya mikono. Akichapa, mpita njia angedhani mle ndani kuna mshonaji wa nguo. Hakutazama vitufe. Aliweza kumchapia mtu barua ya kuomba kazi huku akimsimulia mwingine habari za harusi ya jirani, na asikosee hata mkato.

Lakini mwaka huo mikono ilianza kumgomea. Viungo vya vidole vilivimba, vifundo viliwaka moto, akawa anashika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto. Daktari alimwambia apumzike kwa miezi kadhaa. Cherehani alicheka, apumzike, ale nini? Dada Mkubwa hakucheka. Yeye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsuka nywele, akampeleka shule, akamfundisha kuchapa kwenye meza ileile, na kumwona anauma meno kila anapogusa herufi kulimtoa machozi ambayo aliyaficha kwa kumfokea mtu yeyote aliyekuwa karibu.

Ndipo Fundi alipoleta kibodi ile. Aliitoa kwenye rundo la vifaa vya ofisi moja iliyofungwa. Ilikuwa ya kizamani, nzito, rangi ya meno ya mvuta sigara, na vitufe vyake virefu vilibonyea kwa ulaini wa ajabu.

“Hii haitakuumiza, shemeji,” alimwambia Cherehani. “Ukiigusa tu inaitika.”

Baada ya unyevu ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya mdomo wa mtu aliyelala mchana kutwa, mdomo uliofungwa huku una nyuzi za nyama katikati ya meno. Kwanza lawama zilimwangukia kinyozi. Dada Mkubwa alikwenda kusimama mlangoni kwake, mikono kiunoni.

“Unamwaga nini huko nyuma?”

“Nywele, Dada Mkubwa. Nimwage nini tena? Hapa si buchani.”

“Zinanuka.”

“Za wateja wangu hazinuki. Labda za mumeo, na yule hana hata moja.”

Watu wakacheka, naye akacheka, akarudi. Lakini siku iliyofuata mwalimu mmoja alikuja kuchapisha mtihani. Akavuta kiti karibu na meza, akatoa leso akaiweka puani. Mwisho akainama na kumuuliza Cherehani kwa upole kama ana jino bovu, maana anamfahamu daktari mzuri. Cherehani akajiziba mdomo kwa kiganja, uso ukamwiva kwa aibu. Siku ile alipiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu.

Kisha herufi zikaanza kujiandika. Kijana aliyeomba kazi ya udereva alirudi na barua yake mkononi akitweta kwa hasira.

“Hebu soma hapa! Soma kwa sauti!”

Dada Mkubwa akasoma: “‘Nina uzoefu wa tamu kuendesha magari makubwa tamu na sijawahi tamu kupata ajali.’”

“Mimi ni mtamu? Ofisi nzima imenicheka! Mlinzi ananiuliza kama nimekuja kuomba kazi au mchumba!”

Cherehani aliapa kwamba hakuandika neno lile. Dada Mkubwa akamchapia kijana barua nyingine kwa mkono wake, kwenye kompyuta ya pili iliyokaa kando ya fotokopi, akamwomba radhi, na jioni akamwonyesha mumewe ile ya kwanza.

Fundi hakushtuka. Alivuta kiti, akaigeuza kibodi, akaanza kueleza kwa raha ya mtu aliyeulizwa kitu anachokipenda.

“Kibodi haijui kusoma, mke wangu. Chini ya vitufe kuna vikombe vidogo vya mpira, na chini ya vikombe kuna karatasi mbili za plastiki zenye mistari inayopitisha umeme. Ukibonyeza, kikombe kinalala, karatasi ya juu inaibusu ya chini, umeme unapita. Ubongo wake mdogo unauliza kila mara: safu gani imegusana na mstari gani? Safu hii na mstari huu, basi ni M. Sasa ukibonyeza vitufe vitatu kwa mpigo, na vikakaa kama kona tatu za dirisha, umeme unazunguka na kutokea kwenye kona ya nne. Kibodi inaamini umebonyeza na kile cha nne, kumbe hujakigusa. Sisi mafundi tunaita kitufe cha pepo.”

“Pepo?”

“Jina tu. Shemeji anachapa kwa kasi, vidole vinagongana. Na hii imejaa uchafu. Tandika gazeti.”

Wakatandika gazeti. Fundi akaishika kibodi kichwa chini, akaigonga mgongoni kama anayemcheulisha mtoto. Vumbi likaanguka, na makombo yaliyooza, na vinywele vifupi vya kwa kinyozi. Akagonga tena. Yakaanguka magamba ya ngozi, meupe, makavu, mengi, yakamwagika bila kukoma mpaka yakafanya kichuguu juu ya gazeti. Akagonga mara nyingine, zikaanguka kucha. Vipande vilivyopinda kama mwezi mwandamo, vinene vya wanaume, vyembamba vya wanawake, vingine bado na rangi nyekundu, kimoja na kipande cha nyama iliyokauka.

Dada Mkubwa akageuka pembeni.

“Kila aliyewahi kuitumia ameacha chake,” Fundi alisema, japo sauti yake ilikuwa imeshuka. “Kibodi ni jalala. Watu hawajui tu.”

“Hizi zimelowa,” mkewe alinong'ona. Alikuwa ameinama tena, ameziba pua. “Na tazama kingo zake. Hazikukatwa hizi. Zimetafunwa.”

Fundi akakunja gazeti haraka, akaenda kulitupa. Aliporudi alisema atatafuta kibodi nyingine. Ni Cherehani aliyekataa.

“Iacheni,” alisema. “Nimeizoea.”

Ukweli ni kwamba mikono yake ilikuwa imepona. Uvimbe ulikuwa umeshuka, vifundo vimepoa, na sauti ya cherehani ilikuwa imerudi dukani, tena kwa kasi ambayo hata yeye hakuwahi kuwa nayo. Wateja walisifu. Dada Mkubwa alifurahi kiasi cha kutotaka kuuliza. Lakini macho hayana pazia, na kidogo kidogo akaanza kuona. Aliona mdogo wake haondoki mezani kwenda kula. Aliona anafika asubuhi mapema, bado amejifunga mtandio, na kabla ya kusalimia mtu ameshaweka vidole juu ya vitufe na kufumba macho. Siku moja alimwona anahangaika na simu yake, ile inayofunguliwa kwa alama ya kidole. Anaweka kidole, simu inakataa, anafuta, anaweka kingine, inakataa.

“Lete mikono nione.”

“Sina kitu, dada.”

“Lete.”

Ncha za vidole zilikuwa nyeupe kama za mtu aliyefua tangu alfajiri, zimekunjamana, zimelainika. Mistari yote ilikuwa imefutika. Dada Mkubwa alipokibonyeza kimoja, ngozi ilisogea juu ya nyama kama utando juu ya maziwa yaliyopoa. Na zilinuka. Zilinuka harufu ileile ya mdomo.

“Inauma?”

“Haiumi,” Cherehani alisema, akatabasamu kwa namna ambayo dada yake hakuipenda. “Hapo ndipo penye uzuri. Haiumi kabisa.”

Mvua ilinyesha alasiri moja, mvua ya kumwaga kwa ndoo, na umeme ukakatika. Wateja walikuwa wameshakimbilia makwao. Duka likawa na mwanga wa kijivu, feni ikasimama, mashine ya fotokopi ikazima taa zake. Dada Mkubwa alikuwa mlangoni akisukuma maji kwa ufagio aliposikia, nyuma yake, mlio wa vitufe. Akasema bila kugeuka, “Umeme hakuna, unachapa nini?” Vitufe viliendelea, na chini ya mlio wao kulikuwa na mlio mwingine, wa chini, wa majimaji, ambao alijua kwamba anaujua ila hakukumbuka kutoka wapi, mpaka akasogea hatua kadhaa na ufagio wake mkononi na akakumbuka: ni mlio wa kichanga anayenyonya akiwa na njaa.

Cherehani alikaa wima, kichwa kimelegea nyuma, macho meupe. Vidole vyake vilitulia palepale juu ya kibodi bila kusogea hata kimoja, ila vitufe ndivyo vilivyosogea, vilipanda na kushuka chini ya vidole vyake, safu kwa safu, vikavibana, vikaviachia, vikavibana tena kama fizi za kibogoyo zinazomung'unya mfupa, na katikati ya kila kitufe na kitufe ulichuruzika ute uliojaa mapovu, ukatambaa hadi ukingo wa meza, ukadondoka kwenye mapaja yake, na mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimsuka nywele na kumkanya asinyonye dole gumba, alikuwa anaguna kwa raha.

Dada Mkubwa akaangusha ufagio, akamshika vifundo vya mikono, akavuta. Vidole vilitoka kwa mlio wa kubanduka. Nyuzi za denda zilivutika kutoka kila ncha, ndefu, zikatikisika, zikarukia usoni kwake na mdomoni kwake. Akatapika pale pale, juu ya viatu vyake.

“Usinikatize, dada!” Cherehani alikuwa analia. “Inalamba maumivu. Inayalamba yote. Wewe hujui nilivyokuwa naumwa!”

“Ni kitu gani hicho? Kitu gani, mdogo wangu?”

“Sijui. Inapenda vidole vyangu tu. Ikishiba inatulia.”

Fundi alipofika akiwa amelowa chapachapa, mkewe hakumpa nafasi ya kueleza habari za safu na mistari. Alichomoa kibodi, wakaifunga kwenye mfuko wa plastiki, naye Fundi akaenda kuitupa kwenye jalala la mtaa. Siku ya pili vidole vya Cherehani vilivimba kama ndizi. Alilia mchana kutwa. Siku iliyofuata hakulia. Dada Mkubwa, aliyekuwa ameacha duka ili amuuguze, aliingia chumbani na bakuli la uji, akapokewa na ule uvundo mlangoni. Mdogo wake alikuwa amelala ubavu, amejikunja, amekumbatia taulo kifuani. Alipoifunua akakuta kibodi, bado ina majani ya chai na maganda ya jalalani, na vidole vya Cherehani vimezama ndani yake mpaka kwenye pingili.

Uji ukamwagika. Alasiri ile Fundi, asiyeamini mambo hayo, alikwenda mwenyewe kumtafuta mganga, na mkewe akambandua Cherehani kwenye kibodi, akampeleka nayo dukani.

Mganga alikuwa mama mfupi, mkavu, aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, na watu walimwita Mama Chumvi. Hakuja na ngoma wala ubani. Alisimama mlangoni mwa duka, akanusa, akatema mate nje.

“Kuna majini wanataka manukato,” alisema. “Wengine wanataka nguo nyeupe, wabembelezwe kama maharusi. Huyu ni wa jalalani. Anakula kile ambacho mwili umekitupa. Kucha, jasho, ukoko. Amekula mikono ya watu wengi huyu, miaka na miaka, kidogo kidogo, na hakuna aliyemjua. Sasa amepata mkono unaompenda. Akimaliza ngozi, mnadhani ataomba nini?”

“Atoke, mama,” Dada Mkubwa alisema. “Atoke leo.”

“Maji ya moto, chumvi, sabuni, beseni. Na koleo.” Akamgeukia Fundi. “Unayo koleo? Basi fanya unavyofanya siku zote, ichomeke. Nataka kuongea naye.”

Fundi akachomeka waya. Cherehani alikaa kwenye kiti chake, dada yake nyuma akimshika mabega. Mlango ulifungwa, madirisha yakafungwa. Joto lilifanya uvundo upande kooni kama tonge lililokataa kushuka.

“Sikilizeni,” Mama Chumvi alisema kwa sauti ya chini. “Tangu sasa hakuna kuweka mkono mdomoni. Hata ukijikata, hata ukipiga miayo. Mdomo ndio anaoutafuta. Mmenielewa?”

Wakaitikia. Akainama juu ya kibodi, miwani ikateleza hadi ncha ya pua.

“Wewe nani?”

Vitufe vikashuka vyenyewe, polepole. Kwenye kioo cha kompyuta ikaandikwa: njaa.

“Nakuuliza jina, sikuulizi shida zako.”

njaa njaa njaa

“Chomoa,” alimwambia Fundi.

Fundi akauvuta waya, akausimamisha mbele yao ili wote waone ncha yake ikining'inia hewani. Kwenye kioo maneno yakaendelea: nimemponya nimemponya nimemlamba akapona nani mwingine amemponya. Fundi akaangalia waya, akaangalia kioo, akauangalia waya tena.

Mama Chumvi akamwaga konzi ya chumvi juu ya vitufe. Kibodi ikajikunja. Plastiki ngumu ile ikajikunja katikati kama mgongo wa paka, na harufu iliyotoka ilikuwa nzito kiasi kwamba Dada Mkubwa aliiona kama ladha, ladha ya jipu lililopasuka, akaimeza na kuimeza tena ili asitapike kichwani mwa mdogo wake.

“Anang'olewa na yule anayempenda,” mganga alisema, akamkabidhi Cherehani koleo. “Anza, mwanangu.”

“Mikono inaniuma, mama.”

“Najua. Anza.”

Cherehani akabana kitufe cha kwanza, akavuta. Hakikutoka kama kitufe. Kilikaza, kikazunguka, kikatoa mlio wa mfupa unaoachana na nyama, na kilipong'oka kilikuwa na mzizi. Mzizi mweupe wenye panda mbili, umening'iniza uzi wa neva uliokuwa bado unacheza. Akakidondosha kwenye beseni. Pale kilipotoka, mahali ambapo Fundi alisema pana kikombe cha mpira na karatasi za plastiki, palikuwa na shimo jekundu lililotokwa na usaha, na kuzunguka shimo palikuwa na ufizi, wa waridi, wenye mishipa, unaopwita.

Akang'oa cha pili, na cha tatu. Kila alipovuta alilia, na kila alipolia dada yake alilia naye huku akimwambia vuta, mpenzi wangu, vuta, bado kidogo, na beseni likajaa vitufe vyenye mizizi, herufi juu na nyama chini, vikielea kwenye maji yaliyogeuka rangi ya maziwa yaliyoganda, na Mama Chumvi alikuwa anamimina maji ya moto kwenye mashimo na mashimo yanachemka na kutoa vipovu, na ndani ya vipovu mlikuwa na kucha, kucha zaidi, nywele zilizosokotana kama mkia wa panya, kipande cha plasta kilichotumika, mpaka Fundi akashindwa, akakimbilia pembeni akakaa chini ameegemea ukuta, paji la uso kwenye magoti.

Kikabaki kile kirefu cha chini, cha kuweka nafasi kati ya neno na neno. Cherehani akakibana ukingoni, akakibandua.

Chini yake mlikuwa na ulimi.

Ulijaza mfereji wote, mpana, umefunikwa na utando wa njano. Ulilala kimya kwa muda wa pumzi moja. Kisha ukainuka, ncha yake ikapapasa hewani, ikampata Cherehani kwenye dole gumba, ikajizungusha. Cherehani akapiga ukelele na kuvuta. Ulimi ulikuwa na makali kama ya msasa. Ulipoachia, uliondoka na ngozi. Mama Chumvi akamimina sufuria nzima ya maji ya chumvi. Ulimi ukajikunja, ukasinyaa, ukapiga plastiki kwa mlio wa samaki aliyetupwa sakafuni, ukayeyuka ukawa kamasi la kijivu.

“Toka!” mganga alikuwa anapiga kelele. “Toka uende shimoni kwenu!”

Wote walikuwa wanatazama ule uchafu ukitulia. Dada Mkubwa ndiye aliyeinua macho kwanza. Mkono wa mdogo wake ulikuwa unashuka kutoka usoni, na midomo yake ilikuwa na doa la damu.

“Umeweka nini mdomoni?”

“Sijaweka kitu,” Cherehani alisema. “Nimejifuta machozi tu.”

Dada Mkubwa alimtazama. Alikuwa amechoka, ananuka. Alitaka sana kuamini, akaamini.

Waliyachoma mabaki nyuma ya duka, na yaliyokataa kuungua wakayatupa chooni pamoja na maji ya beseni. Mama Chumvi alinawa mpaka kwenye viwiko, akasema kazi imekwisha ndani ya plastiki ile, na kama wakisikia harufu wamwite siku hiyohiyo. Harufu haikurudi. Kuta zilisuguliwa, meza ikabadilishwa, Fundi akanunua kibodi mpya, ndani ya boksi, nyeusi, nyepesi. Kinyozi alikuja kutania, akakuta hakuna anayecheka, akarudi kwake. Wateja walijaa tena.

Cherehani alipumzika nyumbani, na vidonda vyake vya vidole vikaota ngozi mpya. Akawa mkimya. Alikula peke yake chumbani, akasema anaona haya kula mbele za watu kwa mikono iliyovimba. Akizungumza aliweka kiganja mbele ya mdomo. Dada yake alidhani ni yale maneno ya mwalimu bado yanamuuma.

Kisha asubuhi moja alirudi kazini. Dada Mkubwa alikuwa amechelewa. Alipoingia dukani alisikia cherehani. Mlio uleule, wa kasi, usio na kituo. Akasimama karibu na fotokopi, mkoba bado begani, na moyo ukamjaa furaha. Akaenda mpaka mezani, akamshika mdogo wake mikono yote miwili. Ilikuwa myembamba, imara, haina uvimbe hata wa kusingizia.

“Huumwi tena?”

Cherehani akatikisa kichwa. Vidole vyake vilikuwa vimelowa.

“Tangu lini?”

“Tangu siku ile, dada. Nayalamba mwenyewe sasa. Usiku kidogo, asubuhi kidogo.” Alizungumza polepole, kama mtu mwenye kitu kinywani. “Ulitaka nikae na maumivu? Ungekaa nayo wewe?”

Dada Mkubwa akajaribu kuirudisha mikono yake. Haikurudi. Mdogo wake alikuwa ameishika kwa nguvu ambazo hakuwahi kuwa nazo, na alikuwa anakivuta kiganja cha kulia kuelekea usoni kwake, taratibu, kwa upendo.

“Najua bega linakusumbua,” Cherehani alisema. “Najua na vidole vimeanza. Husemi, lakini naona unavyoshika sufuria. Tulia. Ni mara ya kwanza tu ndiyo inayotia kinyaa.”

Akafungua mdomo. Ufizi ulikuwa umevimba na kung'aa, na katikati ya safu ya juu jino moja likashuka peke yake, tk, likarudi mahali pake. Likashuka la pembeni. Kisha yakaanza yote, juu na chini, moja baada ya jingine, kwa kasi.